Sikio la Fundi Redio

Redio ikiletwa kibandani, fundi wa zamani hakimbilii bisibisi. Anaiwasha, anainamisha kichwa, anasikiliza. Mwenye redio atakuwa ameshaanza masimulizi, jinsi ilivyoanguka kutoka kabatini na jinsi watoto walivyoichezea, na fundi atamwinulia kiganja kwa adabu: "Subiri kidogo, mama, acha niisikie yenyewe." Mngurumo mzito usiobadilika hata sauti ikipunguzwa humwambia kwamba kapasita kubwa za kusafisha umeme zimekauka. Mkwaruzo unaozuka kila kifundo cha sauti kinapozungushwa ni vumbi na uchakavu ndani ya kifundo chenyewe. Sauti ya msoma taarifa ikitoka imepasuka, hasa kwenye maneno mazito, basi karatasi ya spika imechanika au koili yake inasugua sumaku. Hata kimya kina aina zake. Kuna kimya kikavu, na hapo umeme haufiki kokote. Kuna kimya chenye mvumo mwembamba kwa mbali, na hicho kwa fundi ni habari njema: spika ni nzima, sehemu ya kukuza sauti ni nzima, tatizo liko huko mbele stesheni inakopokewa. Kabla skrubu ya kwanza haijalegezwa, nusu ya kazi imekwisha.

Ninayemwona akilini ninapoandika haya ni fundi mmoja wa Ngamiani, Tanga. Simtaji jina kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Lakini najua kila msomaji wa rika langu anaye wa kwake: wa Kariakoo, wa Darajani, wa Mwembe Tayari kule Mombasa, wa vichochoro vya jirani na Luthuli Avenue jijini Nairobi, au wa mji wowote mdogo uliokuwa na soko na stendi ya basi.

Mwanafizikia Richard Feynman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1965, alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba alipokuwa mtoto huko New York aliitwa nyumba hii na ile kutengeneza redio. Moja ilikuwa ikipiga kelele za ajabu kila ikiwashwa, kisha inatulia na kuimba vizuri. Mtoto akaanza kutembea huku na huku chumbani akiwaza, mwenye redio akakereka, akidhani anapoteza wakati. Hatimaye mtoto akachomoa valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, akazibadilisha nafasi, redio ikapona. Watu wakabaki wakistaajabu kwamba kuna kijana anayetengeneza redio kwa kufikiri. Nimeyasoma hayo nikamkumbuka mzee wangu wa Ngamiani, ambaye hakuna aliyemstaajabia. Kwetu hivyo ndivyo fundi alivyotarajiwa kuwa, na aliyefungua redio kabla ya kufikiri alijulikana mtaa mzima, wateja wakampita.

Kibanda chenyewe kilikuwa kidogo. Meza ilikuwa na mistari ya kuungua, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja alama ya chuma cha kulehemu kilichowekwa kwa haraka mteja alipoita. Makopo ya maziwa yalijaa skrubu zilizopangwa kwa urefu wake. Juu, kwenye misumari, zilining'inia redio zilizokwisha kabisa, zile ambazo wenyewe waliziacha, na kila moja ilikuwa ghala: hii imetoa spika, ile imetoa swichi, ile nyingine imebaki ganda na antena. Redio zilizosubiri kazi zilibandikwa vipande vya karatasi, na hati ya fundi ilikuwa nzuri: "Mama Asha, Chumbageni, inakatakata." "Mwalimu, haishiki masafa mafupi." Harufu ya ulimbo wa lehemu ilikaa kwenye shati lake hata siku ya Ijumaa alipovaa kanzu. Na kwa kuwa lehemu ile ilikuwa na risasi ndani yake, na risasi ni sumu, hakushika mkate wala kikombe cha chai kabla ya kunawa mikono kwa sabuni, akimwangalia na mwanafunzi wake kama amenawa. Hakuna kitabu kilichomwambia. Aliambiwa na fundi wake, naye aliambiwa na wake.

Ili kuelewa heshima aliyokuwa nayo mtu huyu, msomaji kijana akumbuke redio ilikuwa nini. Utangazaji wa Sauti ya Dar es Salaam ulianza mwaka 1951. Televisheni ilifika Zanzibar mwaka 1973, lakini bara hatukuwa nayo mpaka mwaka 1994. Kwa zaidi ya miaka arobaini, basi, kila jambo kubwa lilitufikia kwa sikio: uhuru, muungano, vita vya Kagera, mechi za Simba na Yanga, na matangazo ya vifo ambayo watu walinyamaza kimya kuyasikiliza kwa sababu huenda jina la ndugu likasomwa. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya vijijini kuzunguka redio, wakajifunza kuhusu vyoo, maji na malaria, kisha wakatoka kwenda kuchimba na kufyeka. Kikundi kikiharibikiwa na redio, somo linasimama. Fundi wa kijiji alikuwa, kwa maana halisi, sehemu ya shule.

Redio yenyewe ilianza ikiwa kitu cha wachache. Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari, alihangaika kutafuta kiwanda kitakachokubali kutengeneza redio ya betri ya bei ndogo kwa ajili ya Waafrika. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ikaitoa, ndani ya ganda la sufuria la rangi ya buluu, kwa pauni 5, na jina la Saucepan Special likabaki nayo. Kufikia wakati huo jambo kubwa zaidi lilikuwa limeshatokea ng'ambo: Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko New Jersey, Bardeen, Brattain na Shockley walipata transista, kipande kisichohitaji kupashwa moto kama valvu na kinachotosheka na betri ndogo. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista iliingia madukani Marekani, ikiwa na transista 4 tu. Wajapani wakaipunguza bei, na katika miaka ya 1960 Matsushita ikafungua kiwanda Dar es Salaam, jina la National likaingia kila nyumba, kwenye redio na kwenye betri. Hapo ndipo fundi redio alipozaliwa kama tunavyomfahamu, kwa sababu mkulima aliyeuza magunia ya mahindi kununua redio hakuwa na nia ya kununua nyingine.

Betri ndizo zilizokuwa mzigo. Nani katika sisi hakumbuki betri zilizoanikwa juani kwenye ukingo wa baraza ili zipate nguvu kidogo ya kumalizia taarifa ya saa mbili? Mafundi wetu walilifanyia kazi tatizo hilo kwa ubunifu ambao sijauona ukiandikwa popote. Walitengeneza mabomba ya mwanzi au ya karatasi ngumu, wakapanga ndani yake betri zilizochoka, nyingi kuliko redio ilizohitaji, kila moja ikichangia nguvu iliyobaki nayo, wakavuta waya mbili mpaka kwenye redio. Betri ambazo mwenye uwezo amezitupa zikaendelea kusema kwa wiki nyingine. Fundi wangu alizipima moja moja kwa testa kabla ya kuzipanga, na ile iliyovuja aliiweka kando ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na watoto.

Lakini katika kazi zote za benchi lile, niliyoipenda kuliko zote ni ya uzi. Redio za zamani zilikuwa na kioo chenye namba na majina ya miji, na nyuma ya kioo mshale mwekundu uliotembea kushoto na kulia unapotafuta stesheni. Kilichousogeza mshale ule ni uzi, uzi mmoja mwembamba uliopita kwenye makapi madogo pembeni, ukazunguka kijiti cha kifundo mara mbili au tatu, ukalizunguka gurudumu la kapasita ya stesheni, na ncha zake mbili zikakutana ndani ya gurudumu hilo, zimefungwa kwenye springi ndogo inayoukaza. Ulikuwa na njia yake, kama uzi wa cherehani ulivyo na njia yake, na aliyekosea tundu moja hapati mshono. Ukizungusha kijiti upande usio wake, mshale huenda kinyume: unatafuta Nairobi, unapelekwa Lusaka. Ukiulegeza, kifundo kinazunguka bure. Ukiukaza kupita kiasi, baada ya mwezi unakatika.

Uzi wa kiwandani ukikatika haukuwa na mbadala madukani. Fundi alitumia mshipi wa kuvulia, ule mwembamba kabisa, na Tanga haukukosekana. Aliuvuta kwanza kati ya vidole vyake kuusikia kama una mafundo, akaupaka ulimbo kidogo ili ushike kwenye kijiti, akaanza kuupitisha akiwa hapumui. Hakuchora njia kwenye karatasi. Aliishika kichwani, na kila aina ya redio ilikuwa na njia yake. Mwanafunzi aliruhusiwa kushika springi tu, kwa koleo, asiitikise, na kazi hiyo ya kushika springi ndiyo iliyokuwa daraja la kwanza la ufundi. Miezi mingi inapita kijana anashika springi. Siku anapoachiwa kuupitisha uzi mwenyewe, mtaa mzima unajua.

Na baada ya kufunga fundo la mwisho, fundi hakuwasha redio. Alizungusha kifundo taratibu mwanzo mpaka mwisho, redio ikiwa imezimwa, akiutazama mshale ukitembea. Alitaka mwendo usiokwama popote. Kisha akaiwasha, akatafuta stesheni anayoijua mahali pake, akausogeza mshale juu ya uzi mpaka ukasimama sawasawa kwenye namba yake, akaubana hapo kwa tone la gundi. Redio za siku hizi zina namba za umeme zinazobadilika kwa kubonyeza, na ni sahihi kuliko mshale wowote. Hata hivyo mtoto akibonyeza haoni kitu kikisogea. Nyuma ya mshale ule mtoto aliweza kufuata kwa macho yake mwenyewe, kutoka kwenye kidole kinachozungusha mpaka kwenye visahani vya kapasita vinavyoingiliana na kuachana, akaelewa kwamba kutafuta stesheni ni kazi inayofanywa na vitu, na kwamba vitu hivyo vinashikika.

Kutengeneza kulizaa kuunda. Vijana waliokaa kwenye mabenchi yale walirudi nyumbani na vipande vya kuchezea, na cha kwanza walichounda wengi wao ni redio isiyotumia betri. Wasioijua hudhani ni hadithi. Unazungusha waya mwembamba wenye rangi ya kukinga kwenye bomba la karatasi ngumu mara themanini au mia, unaunga dayodi ya gerimaniamu iliyotolewa kwenye redio iliyokufa, unaweka kifaa cha masikioni, unarusha waya mrefu juu ya mwembe uwe antena, na waya mwingine unaufunga kwenye chuma kilichopigwa ardhini. Hakuna betri, hakuna umeme wa ukutani. Nguvu ya kuitikisa sauti masikioni inatoka kwenye mawimbi yenyewe, yale yale yaliyotoka kwenye mlingoti wa stesheni yakapita juu ya minazi na mabati ya watu wote bila wao kuhisi. Usiku, mji ukitulia, sauti huja ndogo na safi. Wanajeshi wa vita vya pili vya dunia waliokwama Anzio, Italia, mwaka 1944, waliunda redio za namna hiyo hiyo kwa wembe na ncha ya penseli badala ya dayodi. Leo stesheni zetu nyingi zimehamia FM, na redio ya koili na dayodi huhitaji mawimbi ya kati, kwa hiyo hata mchezo huo umeanza kukosa uwanja.

Baada ya redio hiyo vilikuja vingine: kengele ya mlango, amplifaya ndani ya boksi la mbao lililotengenezwa na kaka aliye seremala, taa za kumetameta zilizowekwa nyuma ya daladala. Taa hizo nyingi zilitokana na kipande kimoja cheusi chenye miguu 8, kiitwacho 555, alichokibuni Hans Camenzind mwaka 1971, ambacho kazi yake ni kuhesabu muda tu, kuwasha na kuzima. Vijana walikipenda kwa sababu ni rahisi na kinavumilia. Walijifunza pia kusoma rangi za resista, nyeusi sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, mpaka nyeupe tisa, na nilimsikia mtoto wa darasa la sita akiziimba kwa mpangilio njiani akienda dukani, na hakuna mwalimu wa shule aliyekuwa amemfundisha.

Mfano mkubwa wa elimu hii ninaoujua haukutoka mjini. William Kamkwamba wa Malawi aliacha sekondari akiwa na miaka 14 kwa kukosa ada, wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002. Akaenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, akaona kwenye kitabu cha kiada picha ya mitambo ya upepo, akaunda wake kwa baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki aliyoyalainisha kwa moto na miti aliyoikata mwenyewe. Dunia imeisikia habari hiyo, imeandikiwa kitabu na kutengenezewa filamu. Kinachotajwa kwa haraka, nami naona ndicho kiini chake, ni kwamba kabla ya upepo kulikuwa na redio. Yeye na binamu yake Geoffrey walikuwa wakifungua redio mbovu na kuzitengenezea watu, wakipasha waya mnene kwenye moto wa jikoni ili kulehemu, wakiokota betri zilizotupwa ili kujaribia. Kijana yule alipofika mbele ya picha ya mtambo wa upepo alikuwa na mikono iliyokwisha kufundishwa. Na nyumba ilipopata taa, akaogopa moto wa waya, akaunda swichi ya kukata umeme kwa misumari, waya na sumaku. Mtu aliyekaa na redio hujua kwamba umeme una hatari, na huiwekea hatari hiyo mlango.

Sisemi kwamba zama hizi hazina lake. Mwaka 2005 huko Ivrea, Italia, ilianzishwa Arduino, bodi ndogo ya bei nafuu ambayo mwanafunzi anaiandikia programu ikawasha taa, ikapima unyevu wa udongo, ikafungua bomba la maji. Mwaka 2012 Waingereza wakatoa Raspberry Pi, kompyuta nzima ya dola 35. Bodi hizo zimefika kwetu, na Buni Hub pale Kijitonyama, Dar es Salaam, chini ya COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, pamoja na karakana kama Gearbox ya Nairobi, zimewapa vijana mahali pa kukutana na kuunda. Huko Lomé, Togo, Afate Gnikou aliunda mwaka 2013 printa ya kuchapa vitu vya plastiki kwa kutumia vipande vya kompyuta na skana zilizotupwa. Mtu huyu angekaa kwenye benchi la Ngamiani akawa nyumbani. Nawapenda vijana hawa wote, na nawatakia kila la heri.

Ninachokililia ni kile kinachopotea katikati. Nimekaa na vijana werevu sana wanaounga bodi kwa bodi kwa waya zilizokwisha kuwekwa vichwa kiwandani, kila kitu kinachomekwa, hakuna kinacholehemiwa. Kifaa kikikataa kufanya kazi wanatazama programu, wanatazama programu tena, kisha wanaagiza bodi nyingine. Wazo la kuweka kidole juu ya kipande kusikia kama kimepata joto halipo. Hawajui kwamba muungano mzuri wa lehemu ya zamani hung'aa na kuukumbatia waya pande zote, na kwamba ule uliofifia na kuvimba umeshika kwa nje tu, utaachia siku ya mvua. Fundi wangu aliugusa kila muungano kwa ncha ya kijiti cha mbao, redio ikiwa inaimba, na ule wenye hila ulijitoa wenyewe: ukiguswa, sauti inakatika. Siri hiyo ni ya kijiti cha mbao na subira, haigharimu chochote, lakini haimo kwenye programu yoyote, na wanaoijua wanazikwa.

Wanaotengeneza vifaa nao wamechangia, tena kwa kusudi. Redio ya zamani ilikuja na mchoro wa saketi yake umebandikwa ndani ya mfuniko wa nyuma, mchoro kamili, ili fundi yeyote wa nchi yoyote autumie. Kiwanda kilichukulia kwamba kitu chake kitafunguliwa siku moja, kikamwachia fundi barua. Simu ya leo imefungwa kwa gundi, betri imegandishwa, vipande vingine vina urefu wa milimita moja na upana wa nusu yake, na mchoro ni siri. Niliwahi kupeleka spika ndogo dukani, tatizo ni tundu la chaji lililolegea tu, nikajibiwa na kijana mwenye adabu zake zote kwamba hiyo haitengenezwi, ninunue nyingine. Hakuigeuza hata kuitazama chini. Simlaumu sana, kwa kuwa hakuna aliyemkalisha benchini, na pengine kila anayemletea kitu anakuja akiwa ameshaamua kununua kipya.

Lawama naiweka kwetu. Dar es Salaam ilipozima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, televisheni nzima, zenye spika nzuri na koili za shaba, zilitolewa nje ya nyumba zikanyeshewa, wakati kilichohitajika ni king'amuzi tu. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme mwaka 2022, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana hazikufika robo. Sehemu ya mzigo huo huletwa Afrika kwa jina la mitumba. Sisi tuliokuwa tukianika betri juani, tukipima kila moja kabla ya kuiachia, tumejifunza kutupa upesi kuliko tulivyojifunza kitu kingine chochote.

Shule nazo zimemwacha fundi nje ya lango. Siku za maonyesho ya sayansi huletwa vifaa vizuri, hupigwa picha, na mgeni rasmi hutoa hotuba juu ya ubunifu. Mita mia mbili kutoka hapo kuna kibanda ambacho mwenyewe ana miaka arobaini ya kuusikiliza umeme, na hakuna aliyemwalika hata kuketi. Angeweza kuwaambia watoto wale, kwa dakika kumi, kwa nini kifaa chao kinapata joto. Hana cheti, na sisi tumeanza kuamini kwamba asiye na cheti hajui.

Kibanda cha Ngamiani sasa kinauza makava ya simu na vioo vya kubandika. Makopo ya skrubu yaliuzwa kwa kilo, pamoja na spika, kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mwanafunzi wake wa mwisho, aliyeshika springi kwa miezi mingi na akafika mpaka kuupitisha uzi peke yake, anaendesha bodaboda, na bado ana sikio lile: akipita barabarani husikia injini ya mwenzake akamwambia plagi inahitaji kusafishwa. Ufundi wake umehama, haujafa, lakini hakuna anayekaa nyuma yake kuupokea.

Msomaji, kabatini kwako, chini ya nguo zisizovaliwa, huenda ipo redio iliyonyamaza, ya baba au ya bibi. Usiiuze kwa kilo. Mtafute fundi aliyebaki katika mtaa wako, maana bado wapo wachache, umpelekee Jumamosi asubuhi akiwa na nafasi, na uende na mtoto. Mwambie mtoto amwamkie fundi shikamoo kwanza, kisha muombe fundi aifungue mbele ya macho yake, amweleze kila kipande kinachofanya nini, amwache ashike springi. Mlipe fundi vizuri kwa kazi hiyo ya kufundisha, mlipe kuliko atakavyotaja mwenyewe, na umuulize kama Jumamosi ijayo mtoto anaweza kurudi.